Injini na Bomba Lake la Moshi

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa mpaka Athi River, kisha ukageuka kuelekea kusini, utashika barabara kuu iendayo Arusha. Mji wa kwanza mkubwa utakaoupitia ni Kitengela. Baada yake utapita Isinya, kisha Kajiado, kisha Ilbissil, na mwisho utafika Namanga mpakani mwa Kenya na Tanzania. Nchi yenyewe ni nyanda pana za Wamasai. Udongo wake mahali pengi ni mweusi, wenye kunata kama gundi wakati wa masika, na wenye kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Zamani sauti zilizotawala nyanda hizi zilikuwa za upepo, za kengele za ng'ombe na za wanyama wa porini. Leo sauti moja zaidi imeongezeka, nayo ni ya pikipiki.

Miongoni mwa pikipiki hizo zipo ambazo mabomba yake ya moshi yamekatwa au yametobolewa makusudi. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hupita kwa kishindo, na watu hugeuka kumtazama. Ukimwuliza sababu ya kuliharibu bomba lililotengenezwa vizuri kiwandani, aghalabu atakujibu kwamba bomba lile lilikuwa likiibana injini, na kwamba sasa injini imepata nguvu. Je, jawabu hilo ni la kweli? Kwa nje swali hili laonekana dogo, lakini watu wenye akili nyingi walitumia nusu ya umri wao kulitafutia jibu. Historia yake inaanzia Uingereza, inapita Ujerumani, inafika katika barabara zetu za Afrika ya Mashariki, kisha inakwenda mpaka Japani. Nakuomba tufuatane, ili mwishoni uweze kulijibu swali hilo mwenyewe.

Kwanza yatupasa kuijua injini yenyewe. Injini zilizo nyingi barabarani ni za mapigo manne. Katika injini hizo pistoni hushuka kuvuta hewa na petroli, hupanda kuishindilia, hushuka kwa nguvu ya moto, kisha hupanda tena kuufukuza moshi. Kwa hiyo mizunguko miwili huleta tendo moja tu la nguvu. Injini ya mapigo mawili haikubali kungoja hivyo. Kila mzunguko mmoja huleta tendo moja la nguvu. Umbo lake lililoenea sana lilibuniwa na Mwingereza Joseph Day, aliyekuwa na karakana yake katika mji wa Bath, naye alipata hati ya haki ya ubunifu huo mwaka 1891. Injini hiyo haina vali juu ya silinda. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikishuka hufunua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, na ikipanda huyafunika.

Basi, hapo ndipo taabu ilipozaliwa. Pistoni inaposhuka hufunua kwanza tundu la kutolea moshi, na mara hufunua pia matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Kwa muda mfupi sana yote huwa wazi pamoja. Fikiri juu ya nyumba yenye milango miwili iliyo wazi kwa wakati mmoja: wageni waingia kwa mlango mmoja na wenyeji watoka kwa mwingine. Hapana budi wageni wengine watapitiliza na kutoka pamoja na wenyeji bila kuketi. Ndivyo ilivyokuwa kwa petroli. Sehemu yake ilipotea bombani kabla haijawaka, na injini ikala mafuta mengi kwa kazi ndogo.

Katika miaka ya 1920 Mjerumani Adolf Schnürle aliipunguza hasara hiyo. Aliyaelekeza matundu ya kuingizia upande wa ukuta wa silinda ulio mbali na mlango wa moshi, ili mchanganyiko mpya upande juu, ugeuke, na kuusukuma moshi mbele yake. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilichukuliwa na kampuni ya DKW ya mji wa Zschopau, katika jimbo la Saxony. Kampuni hiyo ilianzishwa na mtu wa Denmark, Jørgen Skafte Rasmussen, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kuwa mtengenezaji mkubwa kupita wote wa pikipiki duniani. Jina la Zschopau ulishike moyoni, msomaji, maana humo ndimo habari yetu itakamorudi tena.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo mawili yalitokea ambayo yaliibadili historia ya bomba la moshi. La kwanza lilikuwa ni sheria. Kabla ya vita, pikipiki za mashindano zilikuwa zikishindiliwa hewa kwa pampu maalumu. Mwaka 1946 chama cha kimataifa cha mashindano ya pikipiki kilipiga marufuku pampu hizo. Injini ya mapigo mawili, ambayo ilizitegemea mno katika mashindano, ikabaki kama mtu aliyenyang'anywa fimbo yake. La pili lilikuwa ni mpaka. Ujerumani iligawanyika. Kiwanda cha Zschopau kilibaki mashariki, chini ya serikali ya kikomunisti, na baadaye kikaitwa MZ. Jina la DKW lenyewe lilihamia magharibi, na mwaka 1949 kazi ikaanza upya katika mji wa Ingolstadt. Hivyo nyumba moja ilitoa matawi mawili. Tawi moja lilikuja kupata sifa katika viwanja vya mashindano ya Ulaya, na la pili likapata sifa katika matope ya Afrika ya Mashariki.

Wahandisi walionyang'anywa pampu walijiuliza hivi: ikiwa haturuhusiwi kuisukuma hewa kwa mtambo ndani ya silinda, je, kipo kitu kingine cha kuisukuma? Jawabu walilipata mahali ambapo watu walikuwa wakitupa taka tu, yaani katika bomba la moshi. Mwaka 1951 pikipiki za mashindano za DKW, chini ya uongozi wa mhandisi Erich Wolf, zilionekana na mabomba ya umbo jipya. Hayakuwa membamba toka mwanzo hata mwisho. Yalianza membamba, yakapanuka kama tarumbeta, kisha yakasinyaa tena, na mwisho yakatoa mkia mwembamba. Kwa kukosa jina zuri zaidi, na tuliite bomba lenye tumbo.

Tumbo hilo lilikuwa na kazi gani? Msomaji, bila shaka umepata kusimama mbele ya jabali au ukingo wa korongo ukapiga ukelele, na baada ya kitambo kidogo sauti yako ikakurudia. Huo ni mwangwi. Sauti ni wimbi, na wimbi likikuta mabadiliko katika njia yake, sehemu yake hurudi. Moshi unapotoka katika silinda hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho huenda bombani kama wimbi. Likifika penye kupanuka, wimbi hurudisha nyuma mvuto; mvuto huo hufika mlangoni mwa silinda na kuusaidia moshi kutoka, na hata huvuta sehemu ya mchanganyiko mpya mpaka ndani ya bomba. Likifika penye kusinyaa, wimbi hurudisha nyuma msukumo. Msukumo huo huuchukua mchanganyiko uliotoroka na kuurudisha ndani, kabla tu pistoni haijaufunga mlango. Basi kazi ya pampu iliyopigwa marufuku ilifanywa na kipande cha bati kisicho na chombo hata kimoja chenye kuzunguka.

Walakini, mwangwi una sharti moja: haurudi upendapo wewe, hurudi kwa saa yake. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme injini inazunguka mara 9,000 kwa dakika, yaani mara 150 kwa sekunde. Tuseme pia kwamba katika kila mzunguko wenye digrii 360, mlango wa moshi huwa wazi kwa digrii 190. Ukipiga hesabu utaona kwamba mlango huo huwa wazi kwa muda wa sehemu tatu na nusu tu za sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Katika hewa ya kawaida sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Lakini katika moshi wa moto huenda kasi zaidi, nasi tuchukue mita 500. Katika muda ule mfupi wimbi litakwenda na kurudi mita 1.76. Kwa hiyo njia ya kwenda peke yake, tangu mlangoni mwa silinda mpaka katika ukuta wa kurudishia msukumo, ni sentimita 88.

Sasa punguza mwendo wa injini mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika. Mlango utakaa wazi muda mrefu zaidi, na hesabu ile ile itadai sentimita 132. Bomba la sentimita 88 litarudisha msukumo mapema mno, wakati mlango ungali wazi, na mchanganyiko uliorudishwa utapata nafasi ya kutoroka tena. Ama injini ikizungushwa kupita 9,000, msukumo utachelewa na kuukuta mlango umekwisha kufungwa. Hapo waona ya kuwa hakuna bomba lililo zuri peke yake. Wema wa bomba hupimwa kwa injini yake, kwa matundu yake, na kwa mwendo unaotakiwa. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa bawa lake; nasi twaweza kusema kila injini hupumua kwa bomba lake.

Na tulitazame sasa tawi lililokuja kwetu. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na baadaye Safari Rally. Ikawa desturi kuyaendesha wakati wa Pasaka, katika majira ya masika, na kwa sababu hiyo dereva hakujua kama asubuhi atakula vumbi na jioni atazama matopeni. Mwaka 1956 walioshinda ni Eric Cecil na Tony Vickers, nao waliendesha gari la DKW lenye injini ya mapigo mawili.

Gari hilo halikuwa na nguvu za kutisha. Injini yake ilikuwa na silinda tatu na ukubwa wa sentimita za ujazo 896, na kwa hali yake ya kiwandani ilitoa nguvu za farasi zisizofika 45. Wenyewe waliliandika gari hilo 3=6, wakimaanisha kwamba silinda tatu za mapigo mawili hufanya kazi kama silinda sita za mapigo manne, maana kila mzunguko huleta matendo matatu ya nguvu. Tena injini ya silinda tatu ina bahati yake katika jambo hili la moshi. Silinda hupokezana zamu kila theluthi ya mzunguko. Mabomba yake yakiunganishwa vema, kishindo cha silinda moja huweza kufika mlangoni mwa jirani yake wakati mlango huo unapokaribia kufungwa, na kumrudishia kilichomtoroka. Ndugu mmoja humwegemeza mwenzake, na msaada huo hauna haja ya kungoja mwendo mmoja mkali tu.

Kwa ajili ya barabara zetu hiyo ilikuwa ni hekima. Dereva aliye katika udongo mweusi hahitaji nguvu zinazoamka kwenye mizunguko 9,000 na kulala chini ya hapo. Ahitaji injini inayovuta taratibu bila kusita, inayokubali kupunguzwa na kuongezwa, isiyozimika katikati ya dimbwi. Nguvu chache zinazopatikana kila wakati humfaa kuliko nguvu nyingi zinazopatikana mara moja moja.

Tawi la pili lilishika njia nyingine. Katika Zschopau, tangu mwaka 1953, kazi ya pikipiki za mashindano ilikuwa mikononi mwa mhandisi Walter Kaaden, aliyezaliwa mwaka 1919. Kiwanda chake kilikuwa maskini wa fedha na vifaa. Washindani wake wa Italia na Japani walikuwa na mali; yeye alikuwa na saburi. Aliyapima mawimbi ya bombani kwa chombo cha kuonyesha mitetemo katika kioo, akabadili urefu, akabadili mteremko wa kupanuka na wa kusinyaa, akapima tena. Kila bomba lilikuwa swali, na kila kipimo kilikuwa jibu. Hakuridhika na bomba peke yake: aliyapanga upya matundu ya silinda, na upande wa kuingizia akatumia sahani yenye kuzunguka, ifunguayo na kufunga njia kwa wakati uliopimwa. Hata ilipofika mwaka 1961, injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25. Kwa kadiri ya ukubwa, hizo ni nguvu 200 kwa kila lita moja. Kabla ya hapo haikupata kuonekana injini iliyofikia kiasi hicho bila ya pampu ya kuishindilia hewa.

Ilinganishe sasa injini hiyo na ile ya gari lililoshinda kwetu mwaka 1956. Ile ya gari, karibu ya lita moja, ilitoa nguvu zisizofika 45. Hii ya pikipiki, iliyo sehemu moja katika nane ya lita, ilitoa 25. Je, fundi wa gari alikuwa mjinga na wa pikipiki alikuwa mwerevu? Hasha! Kila mmoja alijibu swali lake. Injini ya Kaaden ilikuwa na nguvu katika upeo mwembamba sana wa mwendo, na dereva wake alilazimika kubadili gia mara kwa mara ili asitoke humo. Mwaka 1967 kampuni ya Suzuki ilikuwa na pikipiki ya mashindano ya sentimita za ujazo 50 yenye gia 14. Mpe mtu pikipiki ya namna hiyo aipeleke Ilbissil siku ya mvua, nawe utamwona akirudi kwa miguu.

Lakini Suzuki ilipataje ujuzi huo? Hapa historia ya bomba inageuka kuwa historia ya binadamu, yenye ushujaa na huzuni pamoja. Mwaka 1960 Suzuki ilikwenda kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Kisiwa cha Man, nayo ikaachwa nyuma sana. Mwaka uliofuata dereva mkuu wa MZ, Ernst Degner, alikuwa akikaribia kuwa bingwa wa dunia kwa pikipiki za 125. Mwezi wa Agosti 1961 ukuta ulijengwa Berlin, na njia ya kutoka mashariki kwenda magharibi ikazibwa. Mwezi wa Septemba Degner alikwenda Kristianstad, Sweden, kushindana. Injini yake iliharibika katika mashindano hayo, naye hakurudi kwao. Mkewe na watoto wake walikuwa wametoroshwa kwenda magharibi wakiwa wamefichwa ndani ya gari. Ubingwa wa mwaka ule ukaenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Degner alikwenda Japani, katika mji wa Hamamatsu, akawafanyia kazi Suzuki. Alichobeba kilikuwa ni kazi ya miaka mingi ya Kaaden. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50, juu ya Suzuki. Huo ndio ubingwa wa kwanza wa dunia kupatwa na injini ya mapigo mawili tangu ubingwa huo ulipoanzishwa mwaka 1949. Kaaden alibaki Zschopau. Aliendelea kutengeneza injini zilizoshinda mashindano kadha wa kadha, lakini ubingwa wa dunia haukumjia kamwe. Alikufa mwaka 1996. Wengine walivuna shamba alilolima yeye.

Msomaji, labda moyo wako unataka kumhukumu Degner. Usiwe na haraka. Alikuwa mtu aliyezungukwa na ukuta, mwenye mke na watoto, na aliyetaka kuishi kwa hiari yake. Tena usimsahau Kaaden, ambaye kwa kuondoka kwa mtu mmoja alipokonywa matunda ya saburi yake. Haki zao wote wawili ni nzito, wala mizani yake si rahisi kuishika. Liko somo moja, lakini, lisilo na shaka. Siri ya bomba haikuwafaa Suzuki kwa sababu tu waliipata. Iliwafaa kwa sababu walikuwa na wahandisi waliojua kupima, kuuliza na kuendeleza. Mwaka 1963 walichukua ubingwa wa 50 na wa 125 pamoja, kwa dereva Hugh Anderson wa New Zealand. Asiyejua kupima, hata ukimpa bomba la bingwa, atakuwa amepata bati tu.

Huku kwetu nako injini ya mapigo mawili haikuwa imesema neno lake la mwisho. Mwaka 1962 Pat Moss, mwanamke wa Kiingereza, akifuatana na Ann Riley, alitoka wa tatu katika East African Safari kwa gari la Saab 96 la silinda tatu na ukubwa wa sentimita za ujazo 841. Mwaka 1963 mume wake, Erik Carlsson wa Sweden, aliendesha gari kama hilo kwa namna iliyowatia hofu washindani wake, mpaka usiku akamgonga mhanga, na mashindano yake yakaishia hapo. Mwaka 1964, mwaka wa matope mengi, Carlsson na Gunnar Palm walitoka wa pili, nyuma ya Peter Hughes na Bill Young wa Kenya waliokuwa na Ford Cortina. Magari mengi yenye injini kubwa kuliko Saab yalibaki njiani.

Nyanda za Kitengela na Kajiado zina jambo jingine la kumfundisha fundi, nalo ni urefu wake kutoka baharini. Nchi hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 hewa huwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu 15 katika 100. Kabureta iliyopimwa pwani, ikiletwa Kajiado bila kubadilishwa jeti, itatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini itakuwa nzito, plagi itakuwa nyeusi, na moshi utakuwa wa baridi zaidi. Nawe umekwisha kuona kwamba mwendo wa sauti hufuata joto: moshi ukipoa, wimbi huchelewa. Kwa hiyo kosa lililo kwenye kabureta huenda likaonekana kama kosa la bomba, na fundi asiyejua atakata bomba lisilo na hatia.

Kosa la kinyume chake ni la hatari zaidi. Mtu akiifungia injini ya mapigo mawili bomba linalovuta hewa nyingi, asiongeze petroli, mchanganyiko utakuwa mkavu. Joto litapanda, na pistoni itakwama au itatoboka katikati. Hata ule mkia mwembamba ulio mwisho wa bomba lenye tumbo una kipimo chake: ukiwa mpana mno, bomba hupoteza shinikizo linalohitajiwa, ukiwa mwembamba mno, moto hubaki ndani na kuiunguza injini. Bomba, kabureta, matundu, plagi na gia ni kama watu wanaobeba jeneza moja: mmoja akibadili hatua peke yake, wote hujikwaa.

Sasa na turudi kwa rafiki yetu mwenye kishindo. Pikipiki za boda boda zilizoenea Kenya tangu karibu mwaka 2008, kodi yake ilipopunguzwa, zaidi ni za mapigo manne. Katika injini hizo vali ndizo zinazofunga na kufungua, na bomba halifanyi kazi ile kubwa ya kurudisha mchanganyiko uliotoroka. Hata hivyo bomba hilo pia limepimwa pamoja na kabureta yake. Kulitoboa hakuongezi hewa iingiayo kwa kiasi cha kumfaa mchukua abiria. Mara nyingi huvuruga mchanganyiko, humwongezea gharama, na huwanyima majirani usingizi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 ya kuzuia kelele na mitetemo ya kupita kiasi iliwekwa kwa ajili ya maudhi kama hayo. Na katika injini ya mapigo mawili hasara ni ya wazi zaidi, kwa maana wimbi lenye faida ni lile linalorudi ndani. Kelele unayoisikia nje ni ile sehemu iliyokwisha kupotea. Debe tupu haliachi kuvuma.

Enzi ya injini hizo barabarani imekwisha kupita. Mafuta yake ya kulainishia huungua pamoja na petroli, na moshi wake huchafua hewa. DKW waliacha kutengeneza magari ya namna hiyo katika miaka ya 1960, na Saab mwaka 1968. Katika mashindano makubwa ya dunia ya pikipiki, injini za mapigo manne zilianza kuchukua nafasi yake katika daraja la juu mwaka 2002, na daraja la mwisho lilibadilika mwaka 2012. Lakini usidhani zimetoweka. Zimo katika misumeno ya kukatia miti, katika mashine za kunyunyizia dawa mashambani, na katika mashua za wavuvi wa pwani yetu. Fundi atakayezijua bado atapata kazi.

Basi, kijana usomaye habari hizi, ukipata nafasi ya kusimama kando ya barabara ya Kitengela, sikiliza. Ikipita pikipiki yenye sauti kubwa, usiulize ina kelele kiasi gani. Uliza inafanya kazi kiasi gani kwa petroli iliyokunywa. Na kama siku moja utashika spana mkononi, kumbuka ya kwamba mtu aliyepata nguvu nyingi kuliko wote wa zama zake kutoka katika bomba la moshi hakuzipata kwa kulitoboa. Alizipata kwa rula, kwa hesabu, na kwa kukubali kukosa mara nyingi kabla ya kupata mara moja. Pima kwanza, kisha ndipo ukate. Kwa maana bati lililokatwa halirudi kuwa refu.